REDIO MPYA ZA RELI: USIACHE MBACHAO KWA MSALA UPITAO



Katika mikutano ya matawi swali moja limeulizwa tena na tena: Hizi redio za dijitali zinazosemwa zitatuletea nini sisi tunaofanya kazi relini? Wengine wanazisifu, kana kwamba ajali zitakwisha siku zitakapofungwa. Wengine wanaziogopa, wakisema ni mtego wa kupunguza watu na kuwapeleleza wanaobaki. Chama hakiwezi kukaa kimya katika jambo hili, maana redio ya reli si kitu cha kuburudisha watu. Ni chombo cha kuokoa maisha, na maisha yenyewe ni yetu na ya abiria wetu.

Sisi twasema hivi: redio mpya ni njema, wala hatuipingi. Lakini redio ya zamani isizimwe mpaka ile mpya imejaribiwa na wale watakaoitumia, na kila mmoja wao amefundishwa. Sababu zetu ni hizi.

DAKIKA CHACHE ZA ÅSTA

Tarehe 4 Januari 2000, huko Norwe, magari mawili ya abiria yalikuwa yakielekeana katika njia moja, mahali panapoitwa Åsta. Katika ofisi ya makontrola mjini Hamar maandishi mekundu yalitokea kwenye kioo cha mtambo, kuonya kwamba kuna hatari. Lakini kengele haikulia, na kontrola hakuyaona mara moja. Alipoyaona alitaka kuwaambia madereva wasimame. Njia ile haikuwa na redio ya magari ya moshi. Madereva walikuwa na simu za mkononi, lakini nambari za simu zile hazikuwa zimeandikwa vizuri mahali pa kuonekana. Kontrola akawa anajua kwamba watu watakufa, na hana njia ya kuwafikia. Magari yakagongana uso kwa uso, moto ukawaka, na watu 19 wakafa.

Ndugu, tafakarini jambo hili. Hapakuwa na ukosefu wa akili wala wa fedha katika nchi ile. Palikosekana chombo kimoja cha kumwezesha mtu kumwambia mwenzake, "Simama!" Tena palikosekana jambo dogo zaidi, yaani orodha ya nambari iliyoandikwa sawasawa. Norwe ilifunga redio za dijitali katika reli zake, kazi ikamalizika mwaka 2007. Basi mtu asituambie kwamba chama kinachotetea wafanya kazi kinaweza kuchukia redio mpya. Ila yule asemaye kwamba mtambo peke yake watosha, naye akumbuke ile orodha ya Hamar.

ANALOGI NI NINI, DIJITALI NI NINI

Wengi wetu tuliyasikia maneno haya mwaka 2015, wakati televisheni za analogi zilipozimwa hapa Kenya na watu wakalazimika kununua visanduku. Lakini televisheni ikizimika mtu hukosa mpira tu. Ya reli ni mengine.

Redio ya analogi huchukua sauti ya mtu na kuipakia juu ya mawimbi kama ilivyo. Ni kama mtu anayemwita mwenziwe ng'ambo ya bonde. Akiwa karibu husikika vizuri. Akizidi kwenda mbali sauti hufifia, upepo huiingilia, lakini hata mwisho kabisa neno moja au mawili huweza kufika.

Redio ya dijitali haipeleki sauti yenyewe. Huikatakata sauti na kuigeuza kuwa hesabu za sifuri na moja, na redio ya upande wa pili huzipokea hesabu hizo na kuijenga sauti upya. Hesabu za kutosha zikifika, sauti huwa safi, bila mikwaruzo, hata kama mtu yuko mbali. Lakini zikipungua kupita kiasi, hakuna sauti dhaifu wala neno moja. Panakuwa kimya.

Hapa ndipo penye jambo ambalo kila dereva na kila mtu wa genge lazima alijue. Mhariri wenu alipokuwa gadi zamani, alijifunza kuisikiliza mikwaruzo ya redio ya mkononi kama mvuvi anavyosikiliza upepo. Mikwaruzo ikizidi, alijua kwamba gari linaingia bondeni, na kama ana neno la kusema alilisema upesi kabla ya kupotea. Redio ya dijitali haitoi onyo hilo kwa sikio. Mtu husikia vizuri, vizuri, kisha hasikii kitu. Basi mtu asiyefundishwa kuitazama taa au alama ya nguvu ya mawimbi katika redio mpya atadhani mambo ni salama, kumbe yuko peke yake.

FAIDA ZAKE

Tusiwe watu wa upande mmoja. Faida ni kubwa, na tutazitaja.

Kwanza, nafasi. Mawimbi ya redio ni kama shamba lenye mipaka. Katika upana wa 25 kHz redio ya analogi ya zamani ilibeba mazungumzo moja tu. Zipo redio za dijitali zinazotumia 6.25 kHz, maana yake mazungumzo manne huingia pale lilipokuwapo moja. Stesheni yenye magari mengi haina haja ya watu kupigiana kelele na kungojana.

Pili, mwito wa hatari. Mwaka 1997 mashirika 32 ya reli ya Ulaya yalikubaliana kutumia redio ya namna moja, iitwayo GSM-R, badala ya redio nyingi za analogi zisizosikilizana. Ni jamaa ya simu za mkononi tunazozijua, lakini imetengenezwa kwa kazi ya reli. Dereva akibonyeza kitufe cha hatari, mwito wake huyakata mazungumzo mengine na kufika kwa kontrola na kwa madereva wote wa sehemu ile kwa pamoja. Tena kontrola aweza kumwita dereva kwa nambari ya gari lake, bila kujua nambari ya simu yake. Kama Åsta pangekuwa na chombo cha namna hiyo, kontrola asingetafuta orodha.

Tatu, usalama wa mwito wenyewe. Poland walikuwa bado na redio za analogi za 150 MHz, zenye ishara ya kusimamisha magari kwa milio mitatu. Ishara ile haina kufuli, na mtu yeyote mwenye redio ya kufaa aweza kuitoa. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, karibu na Szczecin, watu waliitoa ishara hiyo bila haki, na magari kama 20 yakasimama. Hakuna aliyeumia, kwa sababu gari lililosimama ni salama kuliko linalokwenda. Lakini fikirini dereva anayesimamishwa mara kwa mara na watu wa mzaha. Siku ya hatari ya kweli itakapofika, je, atasadiki?

HASARA ZAKE

Sasa tutazame upande wa pili. Asubuhi ya tarehe 8 Oktoba 2022, huko Ujerumani, watu wasiojulikana walikata nyaya katika sehemu mbili zilizo mbali sana, moja Berlin na nyingine Herne. Nyaya hizo zilikuwa zikiihudumia redio ya GSM-R, na ule wa pili ulikuwa wa akiba ya ule wa kwanza. Redio ikanyamaza. Magari ya kaskazini mwa Ujerumani yakasimama kwa muda wa karibu saa tatu. Hayakusimama kwa kukosa njia wala injini wala madereva. Yalisimama kwa sababu hairuhusiwi kupeleka gari pasipo njia ya kusemezana nalo, na uamuzi huo ulikuwa wa haki.

Fundisho ni wazi. Redio mbili za analogi za mkononi zaweza kusemezana zenyewe kwa zenyewe, mradi betri zina nguvu. GSM-R hutegemea minara kandokando ya njia, na minara hutegemea umeme na nyaya, na nyaya hutegemea mitambo iliyo mbali. Kimoja kikivunjika, vyote huweza kunyamaza. Na sisi wa nchi hii, je, hatuwajui wezi wa nyaya? Hatukujua umeme unaokatika wakati wa mvua?

Hasara ya pili hutajwa na wafanya kazi wenyewe, wala haimo katika vitabu vya wauzaji. Katika redio nyingi za analogi mazungumzo yalikuwa wazi, kila aliye karibu akisikia. Mtu wa genge aliyeinama akikaza skrubu alisikia kwamba gari la mizigo limetoka stesheni ya jirani, hata kama hakuna aliyemwita yeye. Alijua, akakusanya vyombo vyake. Katika redio mpya dereva na kontrola wakipigiana simu, husikia wao wawili tu. Upo uwezo wa kuwaita watu wengi pamoja, lakini lazima upangwe hivyo. Mwenye kupanga akimsahau mtu wa genge, masikio ya mtu huyo yamezibwa, na hakuna aliyekusudia kumdhuru.

Hasara ya tatu ni ya haki zetu. Redio mpya ni rahisi kuhifadhi kila neno lililosemwa, na saa lililosemwa, na nani aliyesema. Jambo hili lina pande mbili. Baada ya ajali, sauti iliyohifadhiwa yaweza kumwokoa dereva aliyeambiwa apite kisha akakanwa. Lakini yaweza pia kuwa fimbo ya kumchapa mtu kwa neno la hasira alilolisema usiku wa manane, baada ya saa nyingi za kazi.

SISI WA KENYA

Reli yetu ya kwanza ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Waya wa simu ulikwenda pamoja na mataruma, na stesheni masta mmoja alimwomba mwenziwe njia kabla ya kuliachia gari. Reli ya kisasa kutoka Mombasa mpaka Nairobi, mwendo wa kilomita 472, ilifunguliwa tarehe 31 Mei 2017, nayo ilijengwa pamoja na redio ya GSM-R. Basi jambo hili si hadithi ya Ulaya. Nchi moja ina reli mbili za zama mbili, na mfanya kazi aweza kuhamishwa kutoka moja kwenda nyingine akiwa na mazoea ya kule alikotoka.

Tena kuna jambo ambalo wakubwa wa reli hawana budi kulitazama tangu sasa. GSM-R yenyewe imezeeka. Imejengwa juu ya simu za kizazi cha pili, na watengenezaji wa Ulaya waliahidi kuihudumia angalau mpaka mwaka 2030. Mahali pake inatengenezwa redio nyingine, iitwayo FRMCS, yenye kutumia njia za kizazi cha tano. Reli iliyofunguliwa mwaka 2017 ni reli changa, lakini redio yake ina umri mwingine. Vipuri vitakapokuwa adimu, ni nani atakayezitengeneza redio hizi? Na zile zitakazofuata, zitachaguliwa na nani, na kufungwa na nani? Ikiwa mafundi wa Kenya hawakuandaliwa mapema, tutaambiwa tena kwamba kazi hiyo ni ya wageni, kwa maana wenyeji hawaijui.

Wala tusifikiri kwamba lazima kukimbia kwa sababu wengine wamekimbia. Marekani, ambako reli ni nyingi sana, serikali iliwataka watumiaji wa redio za namna hii wapunguze upana wa mawimbi kutoka 25 kHz mpaka 12.5 kHz ifikapo tarehe 1 Januari 2013. Mashirika ya reli yakabadilisha redio zao, lakini sauti za madereva na makontrola wengi ziliendelea kwenda kwa analogi, katika mawimbi yale yale ya 160 MHz. Dijitali waliiweka kwanza katika kazi nyingine. Baada ya ajali ya Chatsworth ya tarehe 12 Septemba 2008, iliyoua watu 25, sheria iliamuru mitambo ya kulizuia gari linalopita signali ya hatari. Mitambo hiyo hupeleka habari zake kwa redio za dijitali, na ilitimizwa katika njia zote zilizoamriwa mwishoni mwa mwaka 2020. Yaani waliongeza mpya pasipo kuitupa ya zamani. Wahenga wetu walikwisha kusema: Usiache mbachao kwa msala upitao.

MAMBO TUNAYOTAKA

Kwa hiyo Chama kinataka mambo yafuatayo katika kila mapatano juu ya redio mpya:

1. Mafunzo kwa kila mtu anayeitumia, ndani ya saa za kazi na kwa mshahara wake, yatolewe kwa lugha anayoielewa. Kusoma karatasi hakutoshi. Kila mmoja akibonyeze kitufe cha hatari katika majaribio, aone kinachotokea.

2. Redio isiwe ya dereva na kontrola peke yao. Watu wa genge, mafundi wa signali na walinzi wa vivuko wapewe redio na betri ya akiba, na waingizwe katika mwito wa pamoja wa sehemu yao.

3. Redio ya zamani iendelee kufanya kazi pamoja na mpya mpaka majaribio yamekwisha, ya mvua na ya kiangazi. Mahali pote ambapo mpya haisikiki paandikwe katika ramani, na ramani hiyo itengenezwe pamoja na madereva wanaopita pale.

4. Pawe na sheria moja iliyo wazi kwa wakati redio ikinyamaza: nani asimame, wapi, na kwa ruhusa ya nani aendelee. Dereva aliyesimama kwa sababu redio yake imekufa asiulizwe kwa nini amechelewesha gari.

5. Sauti zilizohifadhiwa zitumiwe kuchunguza ajali na kufundisha. Zikitumiwa katika mashtaka ya mfanya kazi, azisikilize zote tangu mwanzo hadi mwisho, sio kipande kilichochaguliwa, na mjumbe wa Chama awepo.

6. Mafundi wa nchi hii wafundishwe kuzitengeneza redio na minara yake, na Chama kiulizwe kabla mkataba wa redio zitakazofuata haujatiwa sahihi.

7. Mtu ambaye kazi yake itabadilika kwa ajili ya redio apewe kazi nyingine ya cheo chake. Asiachishwe.

Hakuna hata moja kati ya haya lisilowezekana. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na gharama ya mgongano mmoja.

WAJIBU WETU

Hata hivyo, Ndugu, anayedai haki lazima naye atimize wajibu. Tumesikia mazungumzo mengine juu ya redio ambayo hayafai. Mtu anamsalimu mwenziwe, anamwuliza habari za mpira na za nyumbani, na wakati huo kuna dereva anayengoja nafasi ya kusema. Acheni jambo hilo. Wengine wakipewa amri hujibu "Sawa, sawa," pasipo kuirudia. Amri ya redio irudiwe neno kwa neno, nambari kwa nambari, na aliyeitoa asikilize kama imerudiwa kweli. Redio iliyo safi namna gani haiwezi kulisahihisha neno lililosikiwa vibaya na kukubaliwa kwa haraka.

Tena redio mbovu isifichwe. Usiichukue iliyo na betri dhaifu ukasema utaripoti kesho. Iandike kitabuni leo, pamoja na saa na mahali, nawe umwambie mjumbe wako. Malalamiko yasiyoandikwa ni kama sauti ya dijitali iliyokosa nguvu: ilisemwa, lakini haikufika.

Katika mkutano ujao wa tawi, kila tawi liteue watu wawili, mmoja wa njia na mmoja wa magari, wakusanye habari za mahali redio isiposikika na kuzileta kwa Katibu zikiwa zimeandikwa. Tukienda kwa wakubwa na maneno matupu tutarudishwa na maneno matupu. Tukienda na orodha ya mabonde, mitaro na madaraja, kilomita kwa kilomita, watalazimika kujibu.

Kontrola wa Hamar aliiona hatari akakosa chombo. Sisi tusije tukapewa chombo, tukakosa mafunzo na orodha. Redio mpya ije, nasi tuipokee tukiwa tayari, wa reli ya zamani na wa reli ya kisasa pamoja.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI